Madaraka Yalipofika Kasulu na Kibondo: Kijitabu cha 1972 Kinaposomwa Upya

Kada anayetaka kuyaelewa matatizo ya Serikali za Mitaa katika nchi yetu hapana budi aanze na kijitabu kidogo cha mwaka 1972, ambamo Mwalimu Julius Nyerere alieleza siasa ya Madaraka Mikoani. Kijitabu hicho hutajwa mara nyingi katika semina, lakini ni wachache wenye subira ya kukisoma kutoka mwanzo hadi mwisho. Wengine hukitaja ili wasifu, wengine ili walaumu. Makala hii haikusudii kufanya lolote kati ya hayo mawili. Inakusudia kukipima kijitabu hicho, pamoja na sheria zilizokifuata, kwa kipimo kimoja tu: je, mkulima wa Kasulu na Kibondo amepata kuwa na kauli ya mwisho juu ya mambo yanayomhusu?

Hoja yetu tunaiweka wazi tangu hapa. Kijitabu kiliutambua ugonjwa sawasawa, lakini katika kutoa dawa kilichanganya mambo mawili ambayo si mamoja. La kwanza ni kumpeleka mtumishi wa Serikali karibu na wananchi. La pili ni kumweka mtumishi huyo chini ya amri ya wananchi. La kwanza lilifanyika, na lilifanyika kwa haraka. La pili halijakamilika hadi leo, na kila inapotokea haja ya kulikamilisha sisi wenyewe hutafuta njia ya kulizunguka.

Ugonjwa ulielezwa hivi. Uhuru uliyatoa madaraka mikononi mwa wakoloni, lakini madaraka hayo yakabaki Dar es Salaam. Afisa wa wilaya hakuweza kuamua jambo dogo mpaka aandike barua makao makuu, kisha angoje. Kila wizara ilikuwa na mtu wake wilayani, na kila mtu alimsikiliza mkuu wake wa mbali kuliko alivyomsikiliza jirani yake wa ofisi ya pili. Azimio la Arusha na Mwongozo wa TANU wa 1971 vilikuwa vimekwisha kusema kwamba maendeleo ni ya watu, na kwamba kiongozi asiyewasikiliza watu ni bwana mpya. Kwa hiyo ilikuwa lazima mfumo wa Serikali ubadilike. Hadi hapo mjamaa wa kweli hana la kupinga.

Sasa tazama dawa. Kuanzia Julai 1972 watumishi wenye vyeo vikubwa walihamishiwa mikoani na wilayani. Mikoa ikapewa mafungu yake ya fedha. Wakateuliwa Wakurugenzi wa Maendeleo. Halmashauri za wilaya za vijijini, ambazo wananchi walizichagua, zikavunjwa, na mahali pake zikawekwa Halmashauri za Maendeleo, ambamo mwenyekiti alikuwa mwenyekiti wa TANU wa wilaya na mipango ililetwa ikiwa imekwisha kutayarishwa na watumishi. Washauri wa kampuni ya McKinsey ya Marekani walishiriki katika kuuchora mfumo huo, na jambo hilo afadhali likumbukwe na kila kijana anayedhani kwamba desturi ya kuita washauri wa kigeni watufundishe kujitawala ilianza juzi.

Haki itendeke. Halmashauri zilizovunjwa zilikuwa zimekwisha kuishiwa nguvu. Mwaka 1969 zilinyang'anywa kodi ya kichwa na ushuru wa mazao. Kumvunja mtu miguu na kisha kumtoa katika kikosi kwa sababu hawezi kukimbia si haki, lakini hivyo ndivyo ilivyokuwa. Na watumishi wengi waliotumwa wilayani mwaka ule walikwenda kwa moyo. Walakini kumleta bwana karibu si kumwondolea ubwana.

Tumezichagua Kasulu na Kibondo kwa sababu nyanda hizi za juu za Kigoma, nchi ya Waha, zimejaribiwa kila aina ya utawala, na kila mara mwenye kufanya jaribio alitoka nje. Tusijidanganye kwamba zamani palikuwa na pepo. Chini ya bami wa Heru, Muhambwe na Buyungu mkulima alifungwa kwa mwenye ng'ombe kwa mkataba wa ubugabire, na huo ulikuwa unyonyaji uliovishwa mavazi ya heshima. Hata hivyo palikuwa na mteko, mzee wa ardhi wa mahali, ambaye katika mambo ya ardhi mwami hakuweza kumpita hivi hivi. Waingereza walipoipokea nchi hii kutoka kwa Wabelgiji mwaka 1921, na hasa baada ya sheria ya 1926 ya mamlaka za wenyeji, mizani hiyo iliharibika. Mwami akawa mkusanya kodi wa Boma. Hata Mwami Theresa Ntare wa Heru, mmoja wa wanawake wachache waliofikia cheo hicho Tanganyika, aliingia katika kiti ambacho mamlaka yake yalikuwa yanategemea kibali cha Bwana Shauri.

Katika miaka ya 1930 watu walikusanywa na kuhamishwa kwa ajili ya kupigana na malale. Ugonjwa ulikuwa wa kweli, na mbung'o hawakubuniwa na wakoloni. Lakini amri ilikuwa ya Boma, na waliohamishwa walihesabiwa kama mifugo inayopelekwa josho. Na katika nchi ambayo haikuwa na zao kubwa la biashara, kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu. Vijana wa Buha wakawa manamba. Chombo cha wenye mashamba ya mkonge kilichoitwa SILABU kiliwaandikisha na kuwasafirisha kwa treni hadi Tanga na Morogoro. Kwa hiyo neno "utawala wa mahali" katika masikio ya Mha wa wakati ule lilikuwa na maana moja: mtu wa karibu anayetekeleza shauri la mtu wa mbali. Kada anayekwenda leo Kibondo na kushangaa kwa nini wazee husikiliza hotuba bila ya kusema neno akumbuke jambo hili kabla hajawaita wazito.

Basi mwaka ule ule wa 1972, kijitabu kilipokuwa kinaeleza kwamba watu wapewe uwezo wa kuamua, Mkoa wa Kigoma ulikuwa unaingia katika Operesheni Kigoma. Waha wengi walikuwa wanaishi kwa kutawanyika katika vilima, kila kaya katikati ya migomba yake. Wakaamriwa kuhamia vijijini. Nia ya kuwaweka watu pamoja ili wapate shule, maji na zahanati ilikuwa nia njema, na ziko shule nyingi ambazo zisingekuwapo bila ya vijiji hivyo. Lakini migomba haihamishwi. Shamba la ndizi ni kazi ya miaka mingi, na samadi iliyolilisha haibebwi kwa lori. Mtu aliyelipanda hilo shamba ndiye aliyejua vizuri kuliko Mkurugenzi yeyote wapi panafaa kukaa na wapi hapafai, na ndiye ambaye hakuulizwa. Hapa nadharia na vitendo viligongana katika wilaya moja, katika mwaka mmoja, chini ya Chama kimoja. Mwenye kuandika historia ya Madaraka Mikoani bila ya kuitaja Operesheni anaandika nusu ya historia.

Lazima tujikosoe zaidi. Sheria ya Vijiji ya 1975 iliwapa wanavijiji halmashauri yao, lakini viongozi wa tawi la TANU ndio waliokuwa viongozi wa kijiji. Mtu mmoja alivaa kofia mbili, na malalamiko dhidi ya kofia moja yalipelekwa kwa kofia nyingine. Mwaka 1976 vyama vya ushirika navyo vikavunjwa. Mkulima aliyekuwa na vyombo viwili vya kusemea, halmashauri na ushirika, akabaki hana hata kimoja. Mwalimu mwenyewe hakulificha kosa hili: katika mahojiano ya mwaka 1984 alikiri kwamba kama angeanza upya asingefuta Serikali za Mitaa wala asingevunja ushirika. Ni wanasiasa wachache duniani waliopata kusema hivyo wakiwa bado madarakani. Lakini kukiri kwa mtu mmoja hakutoshi ikiwa waliobaki hawakuelewa ni nini hasa kilichokosewa.

Serikali za Mitaa zilirudishwa kwa Sheria Na. 7, 8 na 9 za mwaka 1982. Uchaguzi ukafanyika 1983, halmashauri zikaanza kazi 1984, na Katiba ikazitambua katika ibara za 145 na 146. Tukiisoma Sheria Na. 7 kwa makini tutaona kwamba ina roho mbili. Roho ya kwanza iko chini, kijijini: sheria inasema kwamba mkutano mkuu wa kijiji, yaani watu wazima wote wa kijiji, ndio mamlaka ya juu kabisa katika siasa na mambo yote ya kijiji. Hayo ni maneno mazito, na nchi nyingi hazinayo. Roho ya pili iko juu: sheria ndogo za halmashauri ya wilaya hazina nguvu mpaka Waziri azikubali, na mtendaji mkuu wa halmashauri hateuliwi na madiwani. Leo Mkurugenzi huteuliwa na Rais. Diwani humwuliza maswali, humsifu, humlaumu, lakini wote wawili wanajua ni nani anayeweza kumwondoa. Roho hizi mbili zimekaa katika nyumba moja kwa zaidi ya miaka arobaini, na yenye nguvu ni ile ya ghorofani.

Kisha likaja jambo ambalo halikuandikwa katika kijitabu chochote. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na mamia ya maelfu ya watu wakavuka mpaka. Wilaya ya Kibondo ikapata kambi za Kanembwa, Mtendeli, Nduta, Karago na Mkugwa. Kasulu ikapata Mtabila na Muyovozi, na kuanzia 1996 Nyarugusu kwa ajili ya ndugu zetu kutoka Kongo. Tanzania ilitimiza wajibu wake wa Kiafrika, na wananchi wa Kasulu na Kibondo ndio walioubeba wajibu huo kwa kuni zao, maji yao na barabara zao. Hilo lisemwe wazi, maana wako mijini wanaojisifu kwa ukarimu ambao hawakuutoa.

Sisi hapa linatuhusu swali la utawala. Mashirika ya kimataifa yalifika na magari, redio za upepo, ofisi na mishahara. Yalichimba visima, yakatengeneza barabara, yakajenga wodi. Wauguzi, walimu na mafundi wa halmashauri waliacha kazi wakaenda kambini, na hakuna anayeweza kuwalaumu, kwa kuwa tumbo halina siasa. Halmashauri ikabaki na majengo, mashirika yakabaki na watu. Na faida haikugawanyika sawa. Mwenye shamba kubwa alipata vibarua wa bei rahisi na soko la ndizi na mihogo. Mwenye duka alikuwa na mtaji wa kujaza rafu. Mjane mwenye shamba dogo karibu na kambi alipata mwendo mrefu zaidi wa kutafuta kuni. Kwa hiyo wakati wa kambi ulizidisha tofauti za kitabaka katika Buha, na baraza la madiwani, ambalo lingekuwa chombo cha kuzirekebisha, halikuwa na usemi juu ya shughuli kubwa kuliko zote zilizokuwa zikifanyika ndani ya mipaka yake. Kambi zilikuwa mambo ya Wizara na ya mashirika. Kwa mara nyingine tena mtu wa mbali alileta neema na taabu, naye mtu wa karibu akatia saini ya kupokea.

Mwaka 1998 Serikali ilitangaza siasa mpya ya kupeleka madaraka kwa wananchi. Lugha yake ilifanana sana na ile ya 1972, na mara hii halmashauri za kuchaguliwa zilikuwapo. Vijijini kukaletwa utaratibu wa kupanga uliopewa jina la Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Wananchi walikaa chini ya mwembe, wakachora ramani ya kijiji kwa vijiti na majivu, wakataja yanayowakwamisha na yanayoweza kuwainua. Kazi nzuri. Kisha mpango wa kijiji ukapanda hadi kata, ukapanda hadi wilaya, na huko ukakutana na kitu kinachoitwa ukomo wa bajeti, ambacho hakikuchorwa kwa vijiti na majivu. Kijiji kiliomba daraja, kikajibiwa kwamba mwaka huu kuna fedha za vyoo vya shule. Mwaka wa pili watu wachache zaidi walikuja chini ya mwembe.

Fedha zenyewe zimepita njia ile ile. Kodi ya maendeleo, iliyorudishwa mwaka 1984, ilifutwa 2003. Ilikuwa kodi ya kudhulumu, ikikusanywa kwa mgambo na vizuizi vya barabarani, na hakuna haja ya kuililia. Mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi ya majengo ulianza kuhamishiwa Mamlaka ya Mapato. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na wakulima walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini halmashauri ya vijijini inayoishi kwa maharage, mihogo na mahindi ikakuta mfuko wake umepungua bila ya kuulizwa. Mwaka huo huo barabara za wilaya zikapewa TARURA, na mwaka 2019 maji ya vijijini yakapewa RUWASA. Kwa kila hatua ilitolewa sababu, na mara nyingi sababu ilikuwa ya kweli: barabara zilikuwa mbovu, visima vilikuwa vimekufa. Ukizijumlisha hatua zote, hata hivyo, utaona kwamba hoja ya 1972 imerudi kwa mlango wa nyuma. Halmashauri imeshindwa, kwa hiyo apelekwe mtaalamu. Na mtaalamu yuko karibu sana, wilayani pale pale, ila anamsikiliza mkuu wake wa mbali.

Wapo ndugu watakaotujibu kwamba halmashauri zimejaa wezi, na kwamba kuzipa madaraka ni kuwapa fisi bucha. Jibu hili tulichukulie kwa uzito. Ni kweli kwamba taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu hutaja halmashauri kila mwaka. Ni kweli vilevile kwamba baraza la madiwani linaweza kutekwa na wenye maduka na wakandarasi, na kwamba katika halmashauri nyingi nchini mawakala wa ushuru walikuwa jamaa wa waliowapa uwakala. Lakini hoja ya wizi inathibitisha kinyume cha inavyotaka kuthibitisha. Mwizi wa halmashauri anaiba kwa sababu aliyeibiwa hana mamlaka ya kumwajibisha, anayo ya kulalamika tu. Taarifa ya ukaguzi inasomwa Dodoma, wezi wako Kibondo, na kati yao pana kilometa nyingi. Kuyarudisha madaraka juu kunampa mwizi mkuu mpya tu.

Chama hakikukosa onyo. Mwaka 2010 majimbo ya Kasulu Mjini, Kasulu Vijijini na Muhambwe yote yalichukuliwa na NCCR-Mageuzi. Wako makada walioeleza jambo hilo kwa makundi na majungu ya wagombea. Huo ni uchambuzi wa kivivu. Miaka miwili baadaye Kasulu ilizaa Wilaya ya Buhigwe, na Kibondo ikazaa Kakonko. Pamoja na Halmashauri ya Mji wa Kasulu, palipokuwa na halmashauri mbili sasa pana tano. Ofisi zimesogea, na hilo ni jema kwa mama anayetafuta cheti. Lakini kuongeza idadi ya milango bila ya kuongeza idadi ya maamuzi yanayofanywa ndani ni kosa lile lile la kuchanganya ukaribu na mamlaka.

Nafasi, basi, iko wapi? Haiko katika kungoja sheria mpya. Iko kwanza katika ile roho ya kwanza ya Sheria Na. 7. Mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kukutana kila miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi. Kada wa tawi anayehakikisha kwamba mkutano huo unafanyika, kwa tarehe yake, na kwamba hesabu zinasomwa kwa sauti na tarakimu zote, amefanya mapinduzi kuliko anayeandaa maandamano kumi ya kupongeza. Iko pili katika uchumi wa nchi yenyewe. Buha ya leo si ile ya manamba. Ina kahawa na ndizi katika vilima vya Manyovu, ina maharage yanayofuatwa na malori, na ina masoko ya ujirani mwema mpakani na Burundi, pamoja na vituo vya Manyovu na Mabamba. Soko la mpakani ni jambo ambalo halmashauri inalijua kuliko wizara yoyote: nani anavuka, na gunia gani, siku gani. Halmashauri inayolijenga soko hilo, ikaliwekea choo, paa na mizani ya haki, inapata ushuru ambao mtu anaulipa akiona unakokwenda.

Iko tatu katika kambi zinazofungwa. Mtabila ilifungwa mwishoni mwa 2012, na Mtabila na Kanembwa leo ni majina ya vikosi vya Jeshi la Kujenga Taifa. Hatuna ugomvi na JKT. Vijana wengi wamejifunza kazi huko. Mtendeli ilifunguliwa upya 2016 na kufungwa tena 2021. Kila kambi inapofungwa huacha visima, majengo ya zahanati, barabara za ndani, na ardhi iliyokatwa miti. Hivyo vyote ni mali, na ardhi ile ni deni. Baraza la madiwani lina haki ya kuita kikao chake kabla ya wengine hawajaamua, likiwa na mihutasari ya mikutano mikuu ya vijiji jirani mkononi, likaseme kijiji hiki kinataka kisima kile, kata hii inataka jengo lile liwe shule, na mlima ule upandwe miti kwa fedha za wale waliosimamia kambi. Orodha ya visima hivyo iwe mezani kabla lori la mwisho halijaondoka.